Kichwa cha makala ya utafiti: tufupishe, tuseme matokeo, au tubaki na "Tathmini ya... Uchunguzi Kifani wa..."?

#1 MajiYaBomba

Wakuu habari. Naomba mawazo ya waliokwisha kuchapisha.

Nimemaliza uzamili, sasa natengeneza makala kutoka kwenye tasnifu. Jina la tasnifu nikiligeuza Kiswahili linasomeka hivi: "Tathmini ya Mambo Yanayoathiri Uendelevu wa Miradi ya Maji Inayosimamiwa na COWSO katika Maeneo ya Vijijini Nchini Tanzania: Uchunguzi Kifani wa Wilaya ya Mufindi, Mkoa wa Iringa". COWSO ni vile vyombo vya watumia maji.

Msimamizi wangu anataka libaki hivyohivyo kwa sababu ndilo lililopitishwa. Mhariri wa jarida kanirudishia kazi kabla hata haijafika kwa wapitiaji, na maelezo yake ni mstari mmoja: kichwa hakimwambii msomaji umekuta nini.

Nilichokuta ni kwamba vijiji ambavyo fundi wa mradi analipwa kila mwezi, maji yanatoka. Vijiji ambavyo fundi anajitolea, pampu ikiharibika ndiyo basi, mradi umelala. Sasa niliweke hilo kwenye kichwa? Nifupishe tu? Au nitafute jarida lingine lisilo na masharti?

#2 KalamuNyekundu

Usikimbie jarida. Mhariri kakusaidia.

Futa "Tathmini ya Mambo Yanayoathiri". Futa "katika Maeneo ya". Futa "Nchini". Hayo maneno yangeweza kukaa kwenye kazi ya mtu yeyote, iwe ya korosho au ya bodaboda, na hakuna ambaye angegundua kuwa yamehamishwa. Kichwa cha namna hiyo ni daladala isiyo na kibao cha ruti.

Na ufupi unalipa. Mwaka 2015 Letchford, Moat na Preis walichapisha kwenye Royal Society Open Science uchambuzi wa makala 140,000. Majarida yanayotoa makala zenye vichwa vifupi yalikuwa yananukuliwa zaidi kwa kila makala.

#3 Kijukuu_cha_Lushoto

Nimeweka kiti hapa. Nami nina andiko linasubiri kamati.

#4 Bi_Takwimu

KalamuNyekundu, huo utafiti naufahamu na nauheshimu, ila usiupe uzito usio wake. Walichukua makala 20,000 zilizonukuliwa zaidi kila mwaka, kuanzia 2007 hadi 2013. Yaani waliangalia waliofaulu tu. Tena walipozingatia tofauti za jarida na jarida, nguvu ya ule uhusiano ilipungua. Majarida makubwa yana ukomo mkali wa herufi kwenye kichwa. Kwa hiyo huenda ufupi ni dalili kwamba makala imetoka jarida kubwa, na jina la jarida ndilo linaloleta nukuu.

Halafu kuna Jacques na Sebire, 2010. Walichukua makala za mwaka 2005 kutoka Lancet, BMJ na Journal of Clinical Pathology, wakalinganisha 25 zilizonukuliwa sana na 25 zilizonukuliwa kidogo katika kila jarida. Walikuta kinyume: vichwa virefu, vyenye nuktambili na vifupisho, vilikuwa upande wa waliofaulu.

Kwa hiyo mleta mada ukiambiwa "sayansi imethibitisha fupisha", uliza sayansi ya wapi na ya makala zipi.

#5 MlimaUluguru

Mbona mnahangaika, mwongozo wa uandishi wa APA umeshasema: kichwa kisizidi maneno 12. Hesabu, kata, tuma.

#6 Msahihishaji_Mkuu

#5 hiyo ni ya toleo la 6. Toleo la 7 limeondoa huo ukomo. Linataka kichwa kiwe kifupi na kilenge jambo, idadi hawakutaja. Na kila jarida lina sheria zake. Jarida la PLOS ONE wanakubali hadi herufi 250, tena wanataka na kichwa kifupi cha pembeni kisichozidi herufi 100. Soma maelekezo ya waandishi ya jarida lako kabla ya kusoma uzi wowote, pamoja na huu.

#7 MlimaUluguru

Sawa mkuu, nimeelewa. Lakini 12 bado ni namba nzuri ya kujibana.

#8 Daktari_wa_Zamu

Kwa upande wa afya hatuna uhuru mnaoufikiria. Kama umefanya jaribio la kinasibu, yaani washiriki wamegawanywa kwa kura, mwongozo wa CONSORT unataka neno hilo lionekane kwenye kichwa. Ukifanya mapitio ya kimfumo, yaani kukusanya na kupima tafiti zote za swali moja, kipengele cha kwanza kabisa cha mwongozo wa PRISMA ni kichwa kiseme kwamba haya ni mapitio ya kimfumo. Kwa tafiti za uangalizi, za kutazama bila kuingilia, mwongozo wa STROBE unataka aina ya utafiti itajwe kwenye kichwa au kwenye ikisiri. Hiyo ndiyo sababu moja ya vichwa vyetu kuwa na nuktambili: kushoto jambo lenyewe, kulia aina ya utafiti.

Na kuna faida. Daktari anayetafuta ushahidi usiku ana mgonjwa mbele yake. Akiona "jaribio la kinasibu" anajua afungue ipi kwanza. Kwa hiyo Bi_Takwimu, huenda ile nuktambili ya 2010 ilikuwa inabeba majaribio makubwa, na majaribio makubwa yananukuliwa kwa ukubwa wake. Nukta zenyewe hazina kosa wala sifa.

#9 Bi_Takwimu

#8 umenena. Inawezekana kabisa, hasa kwa Lancet. Majaribio makubwa huwa na vifupisho vyao, na vifupisho navyo vilionekana upande ule ule.

#10 Mwalimu_wa_Fizikia

Naona mnasahau Mtanzania aliyevunja sheria zote hizi akabaki kwenye historia. Erasto Mpemba, pamoja na Denis Osborne wa Chuo Kikuu pale Dar es Salaam, walichapisha makala kwenye Physics Education mwaka 1969. Kichwa chake ni neno moja na alama ya kuuliza: "Cool?" Basi. Hakuna maji ya moto, hakuna barafu, hakuna Tanzania, hakuna uchunguzi kifani. Na leo duniani kote wanafizikia wanasema athari ya Mpemba, yaani maji ya moto kuganda kabla ya ya baridi.

Mpemba aliligundua jambo lile akiwa mwanafunzi Mkwawa, Iringa, jirani kabisa na hiyo Mufindi ya mleta mada.

#11 Kijukuu_cha_Lushoto

Hapo kwenye Mkwawa naomba nisimame, maana hii ni heshima ya kwetu. Aliliona akiwa Magamba, Lushoto, mwaka 1963, kidato cha tatu. Walikuwa wanatengeneza aiskrimu, nafasi kwenye friji zinagombewa, yeye akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya ya mwenzake. Mkwawa alikwenda baadaye, na huko ndiko Osborne alipokuja kutembelea shule naye akamuuliza swali mbele ya wenzake. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, akaenda kupima.

#12 Mwalimu_wa_Fizikia

Asante kwa kuniweka sawa. Magamba kuliona, Mkwawa kuliuliza.

#13 KalamuNyekundu

Lakini mwalimu, huo mfano unakupinga. Leo ukiingia Google Scholar unatafuta mambo ya maji kuganda, kichwa cha neno moja hakikuletei chochote. Makala inapatikana kwa sababu watu walilipa jambo lile jina la Mpemba, wakawa wananukuu. Kichwa hakikufanya kazi yoyote. Mleta mada hana uhakika kwamba kuna watu watakaoanza kusema "athari ya MajiYaBomba".

#14 Nyuki_Mkali

Tuanze leo. Athari ya MajiYaBomba: fundi asipolipwa, bomba nalo linagoma.

#15 Bi_Takwimu

Nikiongezea kwa Mpemba. Mwaka 2016 Burridge na Linden walitoa makala Scientific Reports, na kichwa chake kwa Kiswahili ni "Kuihoji athari ya Mpemba: maji ya moto hayapoi haraka kuliko ya baridi". Angalieni ujasiri huo. Hujafungua ikisiri na tayari unajua upande wao. Unaweza kukubali au kukataa, na wapo wanaoendelea kubishana nao hadi leo, lakini huwezi kusema hukuelewa wamesema nini. Mhariri wa mleta mada anataka kitu cha jamii hiyo.

#16 Ahsanta_Unguja

Assalaam aleikum. Ndugu zangu, na vichwa vya swali mnavionaje? Mimi nasomesha skuli na nimeanza kuandika makala za elimu. Napenda kuuliza: "Je, vitabu vya kiada vinawafikia wanafunzi?" Mwenzangu kaniambia eti nitaonekana mwandishi wa gazeti.

#17 Msahihishaji_Mkuu

Waaleikum salaam. Jamali na Nikzad, 2011, kwenye Scientometrics, waliangalia makala za majarida ya PLoS. Zenye kichwa cha swali zilipakuliwa zaidi lakini zikanukuliwa kidogo zaidi. Watu wanavutwa, wanafungua, wanasoma, halafu wanaponukuu wanamnukuu aliyejibu.

Hiyo ya mwisho ni tafsiri yangu, wao walihesabu tu.

#18 Mwalimu_wa_Fizikia

Bi Ahsanta, usiogope. Mwaka 1905 Einstein alitoa makala fupi ya kurasa chache kwenye Annalen der Physik, kichwa chake ni swali: je, inesha ya kitu (ukaidi wake wa kubadili mwendo) inategemea nishati iliyomo ndani yake? Ndani ya makala hiyo ndimo ulimotoka uhusiano wa nishati na tungamo ambao leo hata asiyesoma fizikia ameuona kwenye fulana. Na ile ya miezi michache kabla, iliyoleta nadharia yake ya uhusianifu maalumu, kichwa chake kinataja elektrodainamikia ya miili inayosogea. Neno uhusianifu halimo.

#19 KalamuNyekundu

Mwalimu kila ukija unakuja na majabali. Einstein angeandika "Barua kwa shangazi" bado angesomwa. Tunamshauri kijana ambaye mhariri hamjui na msomaji hamjui.

#20 Mwalimu_wa_Fizikia

Mwaka 1905 naye hawakumjua, alikuwa karani wa ofisi ya hataza huko Bern. Ila nimekuelewa.

#21 Mhandisi_Maji

Naomba turudi Mufindi. Mimi niko kwenye sekta yenyewe. Mleta mada, kabla ya urefu wa kichwa, kuna jambo litakuumbua. COWSO haipo tena. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 ndiyo iliyoleta RUWASA, wakala wa maji vijijini, na vile vyombo vya watumia maji sasa ni CBWSO. Makala ikitoka na COWSO kwenye kichwa, mtu wa wizara ataona ni kazi ya zamani hata kama data zako ni mpya.

Data ni za lini?

#22 MajiYaBomba

Ni za baada ya sheria mpya. Hojaji zangu zote zinasema CBWSO. COWSO imebaki kwenye jina kwa kuwa kamati ilipitisha mada mapema, na kubadilisha jina ni kurudi kwenye foleni ya vikao.

#23 Mhandisi_Maji

Basi kwenye makala ondoa kifupisho chochote. Andika "miradi ya maji ya jamii" tu. Vyombo hivi vimebadilishwa jina na vinaweza kubadilishwa tena. Bomba na fundi wataendelea kuitwa bomba na fundi.

#24 Mkenya_Mtoro

Vipi jamaa. Nimesoma kutoka Eldoret. Hapa kwetu ni yaleyale, anwani za tasnifu zote zinaanza na athari za hiki kwa kile, kaunti fulani, Kenya. Swali langu: leseni ya NACOSTI, tume ya sayansi ya kwetu, huwa na anwani ya utafiti. Nikibadilisha anwani kwenye makala si nitaonekana nilifanya utafiti mwingine?

#25 Msahihishaji_Mkuu

Kibali kiwe cha NACOSTI au cha COSTECH, tume ya Tanzania, ni cha kufanya utafiti. Makala ni sehemu ya matokeo ya utafiti huo. Tasnifu moja inaweza kuzaa makala kadhaa, na haziwezi zote kuitwa jina moja. Unachofanya ni kutaja namba ya kibali na ya idhini ya maadili ndani ya makala, kwenye sehemu ya mbinu au mwishoni, na kusema makala imetokana na tasnifu fulani. Hapo anayefuatilia ataunganisha mwenyewe.

Mleta mada, mwambie hivyo msimamizi wako kwa heshima. Jina la tasnifu halitaguswa. Hiki ni kitu kipya.

#26 Mama_Maktaba

Miaka yangu yote ya kazi ni maktaba ya chuo, nimepokea tasnifu hadi zimefika darini. Kijana akija kaunta akaniomba "ile ya tathmini ya mambo yanayoathiri", namuuliza ipi kati ya rafu nzima.

Mimi nadhani chanzo ni somo la mbinu za utafiti. Wanafundishwa kichwa kiwe na kigeu huru (kinachoathiri), kigeu tegemezi (kinachoathiriwa) na eneo. Ni sawa kwa mtu anayejifunza, inamlazimisha ajue anapima nini. Shida ni kwamba hakuna anayewaambia siku ya kuiacha fomula ni ipi.

#27 Nyuki_Mkali

Mama, mimi nasema ni woga. Ukiandika "Tathmini ya", hujasema kitu, na asiyesema kitu hapingwi kwenye utetezi. Ukiandika "Fundi asipolipwa mradi unakufa", profesa wa kwanza anauliza umethibitishaje. Fomula ni ngao.

#28 Mkenya_Mtoro

Au ni kamati. Watu wengi wakihariri sentensi moja, kila mmoja anaongeza neno lake na hakuna anayeondoa la mwenzake. Anwani yangu iliingia kikaoni ikiwa na maneno machache, ikatoka imevimba.

#29 Mama_Maktaba

Hata hilo lipo. Ila fomula hii naikuta pia kwenye kazi za vyuo ambavyo kamati zao ni za watu wawili watatu.

#30 Mzalendo_Kihesa

Mimi nina la moyoni. Kwa nini lazima tuandike "Tanzania: Uchunguzi Kifani wa Mufindi"? Mtu akitafiti wanafunzi wake wa chuo kimoja Marekani anaandika "Jinsi binadamu wanavyofanya maamuzi". Binadamu! Sisi tukitafiti vijiji vya kwetu tunabaki kuwa kifani. Mwaka 2022 ilitoka makala kwenye jarida la PNAS, wamepitia makala zaidi ya nusu milioni za sayansi ya jamii, wakakuta kazi zinazohusu nchi tajiri hazitaji nchi kwenye kichwa kwa kiwango ambacho za kwetu zinataja. Yaani wao ni dunia, sisi ni mfano.

Mleta mada, toa Tanzania. Toa Mufindi. Andika matokeo.

#31 Mhandisi_Maji

Mzalendo nakuelewa na uchungu wako ni halali. Lakini mimi niliye kazini nikitafuta, naandika "Tanzania" kwenye kisanduku. Nikikuta makala haitaji nchi, siioni, na huyu kijana ametafiti ili sisi tumsome.

#32 Bi_Takwimu

Na takwimu zina makali pande zote mbili. Ule utafiti wa 2010 niliotaja juu ulikuta makala zinazotaja nchi kwenye kichwa zilikuwa upande wa zilizonukuliwa kidogo. Paiva na wenzake wa Brazil, 2012, walikuta jambo linalofanana, na kwao vichwa vifupi vinavyosema matokeo vilifanya vizuri zaidi. Kwa hiyo kutaja Tanzania huenda kunakupunguzia wasomaji wa mbali na kukuongezea wa karibu. Lipi lina thamani kwako? Hilo takwimu haziwezi kukujibia.

#33 Mzalendo_Kihesa

Kwa nini nichague? Mwenzangu wa Chicago hachagui.

#34 Mwalimu_wa_Fizikia

Kuna mahali eneo ndilo ushahidi wenyewe. Mary Leakey na Richard Hay walipotangaza nyayo za kale za jamii ya binadamu kwenye Nature mwaka 1979, kichwa kilitaja Laetoli, kaskazini mwa Tanzania. Kazi mpya ya nyayo hizo ya mwaka 2021, Nature pia, nayo imetaja Laetoli, Tanzania. Huwezi kuzihamisha nyayo. Hapo jina la nchi ni fahari, halimpunguzii mtu.

#35 Mzalendo_Kihesa

Nyayo sawa. Lakini fundi kutolipwa hakupo Mufindi peke yake.

#36 Daktari_wa_Zamu

Mzalendo, kwenye hilo niko na wewe, na nina mfano wa kitabibu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Uganda, alichapisha kwenye British Journal of Surgery makala ya uvimbe wa mataya. Kichwa kilisema ni sarkoma, aina ya saratani, inayohusisha mataya ya watoto wa Kiafrika. Kazi ilikuwa kubwa mno, aliona mpangilio ambao wengine hawakuuona. Lakini baadaye ikajulikana ni limfoma, saratani ya aina nyingine, na ugonjwa ule ukaonekana kwa watoto wa mabara mengine pia. Kichwa kilikuwa kimeshaufunga kwenye ngozi ya watu fulani. Leo unaitwa kwa jina lake yeye, limfoma ya Burkitt.

Na upande wa pili upo pia. Makala za kwanza za chikungunya, mwaka 1955, Robinson moja na Lumsden ya pili, vichwa vyake vinataja mlipuko wa ugonjwa wa virusi Jimbo la Kusini, Tanganyika, 1952 na 1953. Chikungunya haimo kwenye kichwa, ingawa ugonjwa wenyewe leo dunia nzima unaitwa kwa neno hilo la Kimakonde. Mahali na mwaka vimeandikwa, jina la ugonjwa halipo. Mwanafunzi anayetafuta kwa jina atakutana nazo kupitia orodha za marejeo za watu wengine.

#37 Mama_Maktaba

Daktari umenifurahisha. Niseme kama mtu wa maktaba: hii ndiyo sababu tunawaomba maneno muhimu yawe yale ambayo HAYAMO kwenye kichwa. Wengi wananakili maneno ya kichwa tena. Kama umeamua kuondoa Mufindi kwenye kichwa, iweke kwenye ikisiri na kwenye maneno muhimu. Watu wa RUWASA wataipata huko.

#38 Mhandisi_Maji

Mama hiyo imenisogeza kidogo. Bado nataka Tanzania kwenye kichwa, lakini Mufindi inaweza kushuka ikisirini.

#39 MajiYaBomba

Wakuu nawashukuru sana. Nimeandika vitatu, naomba mvipige:

A. Kumlipa fundi kila mwezi kunadumisha miradi ya maji ya jamii
B. Malipo ya fundi na uhai wa miradi ya maji ya jamii vijijini Tanzania
C. Nani anatengeneza pampu? Malipo ya mafundi na uendelevu wa miradi ya maji ya jamii Mufindi, Tanzania

#40 KalamuNyekundu

A. Bila kufikiri mara mbili.

#41 Nyuki_Mkali

A. Ngao chini.

#42 Bi_Takwimu

A hapana, na hii ndiyo sehemu ninayoomba uisome polepole. Ulienda vijijini mara moja ukaona kilivyo, hukuwagawa vijiji kwa kura halafu hawa walipe fundi na wale wasilipe. Inawezekana kijiji kinachokusanya vizuri fedha za maji ndicho kinachoweza kumlipa fundi, na ndicho pia kinachonunua vipuri, na ndicho chenye kamati inayokutana. Fundi kulipwa ikawa dalili ya afya, si chanzo chake. Ukiandika "kunadumisha", mpitiaji mmoja makini atakurudisha mwanzo, na atakuwa na haki.

B inasema ulichopima bila kudai usichoweza. Kama unataka matokeo yasomeke, andika: "Miradi ya maji ya jamii yenye fundi anayelipwa haikwami kwa urahisi: ushahidi kutoka vijijini Tanzania". Hiyo inaeleza ulichokiona, haisemi kimesababishwa na nini.

#43 KalamuNyekundu

"Haikwami kwa urahisi" ni kinywaji kilichoongezwa maji. Mhariri alitaka kujua amekuta nini!

#44 Bi_Takwimu

Na ndicho alichokuta.

#45 Ahsanta_Unguja

Mimi nimeipenda C. Nikiona "Nani anatengeneza pampu?" ningefungua hata kama si mtu wa maji.

#46 Msahihishaji_Mkuu

Ndiyo hatari yake Bi Ahsanta, angalia #17. Utafungua, utafurahi, utaondoka. Halafu jibu la hilo swali, "fundi", limeshatajwa mara tu baada ya alama ya kuuliza, kwa hiyo swali halina kazi.

#47 Mzalendo_Kihesa

A bila Tanzania au B bila Tanzania. Msimamo wangu haujabadilika.

#48 Mhandisi_Maji

B. Nitaipeleka kwenye kikao cha wilaya siku itakayotoka. A ningeogopa kuipeleka, maana mwenyekiti wa kwanza angeniuliza "kwa hiyo tukimlipa tu inatosha?" na jibu ni hapana, vipuri navyo vinataka fedha.

#49 Daktari_wa_Zamu

Ongeza aina ya utafiti baada ya nuktambili, vyovyote utakavyochagua. Ndiyo tabia yetu, nisameheni.

#50 Mkenya_Mtoro

Sisi wa nje tunapiga kura? B.

#51 Mama_Maktaba

Kabla hujatuma, fanya jambo moja. Chukua maneno makuu ya kichwa chako uyatafute kwenye hazina ya tasnifu ya chuo chako na kwenye Google Scholar. Uone utakaa jirani na nani.

#52 MajiYaBomba

Nimeanza na hazina ya chuo. "Uendelevu" na "miradi ya maji" zimekuja nyingi, kurasa kwa kurasa, na karibu zote zinafanana na jina langu la mwanzo. Nimeweka "fundi" na "malipo ya fundi": hakuna hata moja.

#53 KalamuNyekundu

Umeona? Fundi akae mbele kabisa. Utakuwa peke yako.

#54 Bi_Takwimu

Au hakuna anayetafuta kwa neno "fundi", ukawa peke yako kweli. Acha "uendelevu" na "miradi ya maji" vibaki kwenye kichwa pamoja na fundi. Mtu anayetafuta kwa mazoea akupate, halafu aone kitu ambacho hakukitafuta.

#55 Mama_Maktaba

Jaribu na Google Scholar pia kabla hujaamua, kwa Kiingereza kwa kuwa makala ni ya Kiingereza. Hapo huyo fundi anaitwa kwa majina tofauti, na kila jina litakupeleka kwa watu tofauti. Tuletee ulichokikuta.